Mcheza Raga na Mzee wa Ekero

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, mtaani Shirere, nusu ya kichwa ikiwa imekwisha kunyolewa na nusu nyingine ingali na nywele zake. Jamaa mmoja aliingia akikung'uta mvua kwenye koti, akatusalimu wote kwa pamoja, kisha akasema, "Mumesikia yule wa raga amekufa? Yule alikuwa anachezanga Ulaya." Kinyozi akazima mashine. Akauliza ni yupi, maana Kakamega haikosi wacheza raga, na yule jamaa akaipima shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili, akiipanua hewani mpaka ikawa nene kuliko kichwa. Basi nikajua. Malaria ilimpanda kichwani, alisema, na walipomfikisha hospitali ya misheni hakuwa tena anamtambua mtu. Kinyozi aliniuliza kama aendelee au aache. Nilimwambia amalize tu. Kwetu watu hunyoa baada ya mazishi. Mimi safari hii nilitangulia bila kukusudia.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikilalamika juu ya barabara, mvua ya mawe na watu wanaochelewa mikutano. Leo mnisamehe. Nataka kumlilia rafiki, na kama ilivyo desturi yangu sitamtaja mtu kwa jina, ingawa yeye angenuna, kwa sababu alipenda sana kuona jina lake gazetini na alinilaumu miaka yote kwamba nina kalamu lakini haimfai kitu. Tulisoma pamoja shule ya wavulana ambako raga ilichukuliwa kwa uzito ambao shule nyingine huuweka kwenye hesabu. Mimi nilikuwa mwembamba, nikapewa kazi ya kubeba maji na machungwa. Yeye alitoka upande wa Mukumu, akawekwa mstari wa mbele, miongoni mwa wale wanaoinamisha vichwa, wakashikana mabega na kusukumana na wenzao wa upande wa pili huku mpira wenye umbo la papai ukiingizwa katikati ya miguu yao. Wenyewe huita skramu. Mtu wa kwao, Isukha, hahitaji kuelezwa zaidi, maana amekua akitazama mafahali wakipambanishwa asubuhi na mapema, watu wakiwazunguka kwa filimbi na nyimbo. Rafiki yangu alikuwa akisema alijifunza raga kwa fahali wa babu yake kabla hajauona mpira. Shingo yake ilikuwa kichekesho cha bweni zima. Hakuna shati la shule lililokubali kufungwa kifungo cha juu, na mama yake alilazimika kuongeza kipande cha kitambaa kwenye ukosi, cha rangi isiyolingana, ambacho mwalimu wa zamu alikipigia kelele kila alipokiona bila kupata suluhisho.

Mwanzoni mwa muongo huu wa tisini, tulipokuwa tumemaliza shule na tunazubaa mjini tukitafuta la kufanya, alinishawishi tumtembelee shangazi yake aliyeolewa Ekero. Ilikuwa imenyesha, kama inavyonyesha kwetu karibu kila alasiri, na karibu na soko tulikuta trekta limezama kwenye tope pamoja na trela lake lililosheheni miwa. Mwenye miwa alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, akitazama jasho lake likisubiri kukaukia njiani kabla ya kufika kiwandani. Watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na ushauri. Rafiki yangu akavua viatu, akanipa nimshikie, akaingia topeni mpaka magotini, akaweka bega kwenye ubao wa trela, akainamisha kichwa na kuwapanga vijana waliokuwa karibu washikane nyuma yake wasukume kwa pamoja. Trela likatoka. Yule mwenye miwa, mzee mrefu aliyepinda mgongo, alimshika mkono asiuachie. "Kijana," akamwambia, "wewe unafaa kazi." Kisha akamwita binti yake alete maji ya kuosha miguu. Binti akaleta maji. Sitaeleza mengi, ila najua kwamba mwenzangu aliosha miguu kwa muda ambao ungetosha kuosha trekta.

Miaka iliyofuata alichezea klabu moja ya Nairobi. Siku hizo raga ya namna yake haikuwa na mshahara popote, angalau hadharani. Wakubwa wa mchezo huo waliona ni aibu mtu kulipwa. Mchana alipakia mizigo ghalani, jioni akaenda mazoezini, na kila alipopata nafasi alikuja Ekero kumsalimia shangazi, ambaye ghafla alikuwa amependwa kuliko shangazi wote wa ukoo. Kisha katikati ya muongo wakubwa wale wakabadili nia, wakaruhusu wachezaji walipwe, na kocha mmoja mgeni aliyekuwa amemwona akisukuma akamtafutia nafasi katika klabu ya mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Hakuwa nyota. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mazishini niliwasikia watu wakimpamba mpaka nikashindwa kumtambua. Alikuwa mtu wa mstari wa mbele katika ligi ya chini, mahali ambapo baadhi ya wenzake walikuwa bado mafundi bomba na wauza nyama siku za kazi. Lakini mkataba wake ulisema atalipwa ili acheze, na kabla ya kuondoka alitaka jambo la binti wa Ekero lijulikane kwa wazee.

Tulikwenda kwa yule mzee wa miwa, ujumbe wa heshima: ami yake mkubwa akiwa msemaji, wazee wengine wa ukoo, na mimi, niliyechukuliwa kwa kuwa husemekana najua maneno. Mwenyewe alikaa pembeni kimya, kama inavyotakiwa, mikono juu ya magoti. Tulikaribishwa vizuri sana. Ugali wetu, obusuma, ulikuja na kuku, ingokho, na ami akapewa firigisi yake ya heshima kwa mikono miwili. Kiluhya cha upande wa Mukumu na cha upande wa Ekero husikilizana nusu, na katika mambo mazito nusu haitoshi, kwa hiyo wazee wakahamia Kiswahili, ambacho wote walikuwa wamejifunza ukubwani. Mzee akauliza lile swali ambalo kila baba huuliza.

"Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anacheza," ami akajibu.

Mzee alingoja. Alidhani sentensi haijaisha.

"Anacheza nini?"

"Laga. Sasa anaenda kucheza Ulaya. Wazungu wenyewe ndio wamemwita akuje acheze."

"Hiyo nimesikia. Anaenda kucheza. Lakini kazi, anafanyanga kazi gani?"

"Si ndiyo hiyo, omusakhulu, mzee wangu. Anachezanga."

Nilijaribu kuingia kati. Nikazungumza juu ya mkataba, ligi na mazoezi ya kila siku, kwa Kiswahili changu chote cha gazetini, na kila nilipomaliza sentensi nilikuta nimetumia tena neno lile lile, kwa sababu sikuwa na jingine. Wazee wakanitazama kama mtu anayeongea akiwa na chakula mdomoni. Mzee wa Ekero hakukasirika. Aliuliza kwa upole, "Na akimaliza kucheza?" Ami akatazama mfupa wa kuku kwenye sahani yake. "Basi aende amalize," mzee akasema, "halafu atafute kazi, akuje tuongee. Nyinyi ni watu wazuri. Lakini msichana wangu hawezi kungojea mtu anacheza." Tukaagwa kwa heshima zote, tukapewa na ndizi za kubeba. Njiani ami alirudia mara kwa mara kwamba yeye alisema kweli tupu, na kwamba kama kuna aliyeharibu, basi ni mimi na mkataba wangu.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Kiswahili chetu ni tajiri, kina jina la kila hatua ya nazi mpaka ikomae, lakini kwa kucheza kimekuwa bahili. Mtoto anacheza kombolela. Bibi harusi anacheza ngoma. Mlevi anacheza karata, tapeli anacheza na akili yako, na hata msumari uliolegea nao unacheza. Halafu mtu anayepondwapondwa matopeni mbele ya watu waliolipa kiingilio, akalala na barafu magotini ili kesho arudie, naye pia anacheza. Mama yake rafiki yangu aliumia kwa neno hilo kuliko sisi wote. Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa na watoto India wakisomea uhasibu na Amerika wakisomea uuguzi. Akiulizwa wake, alikuwa akijibu kwa sauti ya chini, "Wangu yuko Uingereza," kisha anageuza mazungumzo kuwa ya mahindi.

Akaenda. Alikuwa akinipigia simu ofisini kwetu alasiri, tukishakubaliana siku, na mhariri wangu alijifanya haoni. Mwanzoni alikuwa na hadithi nyingi. Alinieleza kwamba huko jua huzama mchana, kwamba watu wa mji ule husema maneno kana kwamba wana pipi mdomoni, kwamba bibi mwenye nyumba alimpikia uji wa shayiri na kumwekea chumvi. Wakampa jina la utani lililomaanisha ukuta. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda hadithi zilipungua na maswali yakaongezeka. Miwa ya Ekero imekatwa? Kiongozi wa kwaya ya kanisani kwetu bado ni yule yule? Msichana amesemaje? Siku moja mvua yetu ilianza tukiwa tunazungumza, ikapiga mabati ya ofisi mpaka nikawa simsikii. Nilimwambia tungoje ipungue. Akasema hapana, nisogeze simu dirishani. Nikaisogeza, nikaishika pale mpaka mkono ukaniuma, na nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yupo, anasikiliza. Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida yetu. Mvua ikija, ninamshikia simu.

Ni katika msimu wake wa pili ambapo alinitumia kanda ya video ya mechi moja, na mimi nikapata wazo ambalo nililiona la maana kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nilijua maneno yametushinda. Basi mzee aone kwa macho. Pale Ekero palikuwa na ukumbi wa video uliozoea kuonyesha filamu za karate, na mwenye ukumbi alikubali kutupa alasiri moja ya Jumapili. Vijana walijaa. Mzee alikuja na fimbo yake, akawekewa kiti mbele, na binti yake akaketi nyuma pamoja na wanawake. Picha ilikuwa na chenga, lakini ilitosha. Palikuwa na uwanja wa matope, mvua nyembamba, na wanaume waliokuwa wakitoa mvuke migongoni mfano wa sufuria ya maharagwe iliyofunuliwa. Tulimtambua kwa shingo. Skramu ilishikana, ikatetemeka, ikaporomoka, na yeye akawa chini kabisa, watu wote juu yake. Wakainuka mmoja mmoja, yeye wa mwisho. Baadaye alipasuka juu ya jicho, akatoka pembeni, akashonwa na daktari akiwa amesimama wima, akarudi uwanjani kabla ya uzi kukauka. Vijana wa Ekero walipiga makofi mpaka mwenye ukumbi akahofia mabenchi yake. Mzee alitazama mpaka mwisho. Tulipotoka nje alinishika bega.

"Mwandishi, mimi nilikosea. Nilisema huyu kijana anacheza. Huyu hachezi."

Karibu nimkumbatie.

"Hiyo ni kazi," akaendelea. "Nimeona na macho yangu. Kwa hivyo sasa ndiyo simpi kabisa."

"Mzee, mbona tena?"

Alitafuta mahali pa kuegemea, akaegemea ukuta wa duka.

"Kabla nipate hii shamba, mimi nilikuwa nakatanga miwa ya watu. Unainama asubuhi, unakuja kuinuka jioni. Sasa angalia hii mgongo. Mama ya huyu msichana ndiye alikuwa ananiinua kitandani, ananivalisha viatu kama mtoto. Alikufa bado ananivalisha. Wewe umeona venye kijana anashikwa hapo chini, hapo kwa shingo? Hiyo shingo itaisha. Ni kazi nzuri, simkatazi. Lakini ikiisha, ni nani atakuwa anamuinua? Si ni huyu wangu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na mzigo wa hoja, habari za madaktari wa Ulaya na mashine zao. Nilimtazama yule mzee akijisukuma kutoka ukutani kwa fimbo, na sikusema hata moja. Binti alisimama hatua chache kutoka kwetu na alikuwa amesikia yote. Alikuwa na heshima ya watu wa kwao, hakumbishia baba yake mbele ya mgeni, lakini aliponisindikiza mpaka barabarani aliniambia jambo ambalo nililibeba moyoni kwa uzito. "Mwambie mimi sijachoka kumngojea. Nimechoka kuulizwa. Kila siku, sokoni, kanisani, hata kisimani: bado tu? Mwambie hivyo." Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameolewa na mwalimu wa upande wa Butere, mtu mpole, ambaye sina baya la kusema juu yake ingawa nililitafuta.

Mimi ndiye niliyempasha rafiki yangu habari hizi, na ujumbe wa binti, kwa simu. Alinitaka nirudie maneno ya mzee yote, jinsi yalivyosemwa, na nikarudia. Akauliza, "Amesema ni kazi?" Nikamwambia ndiyo, amesema ni kazi. "Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake?" Mwenyewe. Kisha akaniuliza kama mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha, jua lilikuwa kali na vumbi lilikuwa likiingia ndani, lakini nilisogeza simu dirishani hivyo hivyo na kuishika hapo.

Alirudi mwaka uliopita. Skramu iliporomoka, kama ilivyoporomoka mara nyingi, ila safari hii shingo haikunyooka tena na mkono wa kushoto ukawa hauna nguvu ya kushika kikombe. Klabu ikamshukuru kwa barua nzuri na koti lenye nembo. Alirudi kwa mama yake Mukumu, akiwa kijana bado kwa umri, na kila alipotaka kutazama kando aligeuza mwili mzima kama mlango. Watu walimuuliza amewaletea nini kutoka Ulaya. Hakuna aliyemuuliza Ulaya imechukua nini kwake. Nasema hivi bila kuwalaumu, maana hata mimi naishi kwenye nchi ya miwa na nimepita maisha yangu yote kando ya wakata miwa bila kujiuliza wanaamkaje. Tunajua sukari ni tamu. Tunajua timu ikishinda tunaimba. Mwili ulioinama ili sukari ipatikane na timu ishinde, huo tunauachia mke au mama auinue asubuhi. Siku hizi naona vijana hapa Shirere wakikimbia kabla ya kazi na mipira yao ya papai kwapani, wote wanataka kwenda kulipwa ng'ambo, na sitamwambia hata mmoja asiende. Yeye mwenyewe hakuwaambia. Siku za Jumamosi aliwafundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiwapigia kelele, akifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi mahali pengine popote nyumbani. Ila ikifika zamu ya skramu alikuwa akiinuka na kwenda kunywa maji.

Nilipomkumbuka wiki hii, picha iliyonijia zaidi si ya uwanjani. Alikuwa na mazoea ya kwenda Ekero. Watu wa kwao walinong'ona kwamba anakwenda kudai, au kumsumbua mzee aliyemkatalia, na mama yake akaniomba nikamzuie. Nikafuatana naye siku moja ili nione. Tulimkuta mzee amekaa nyuma ya nyumba, upande wa shamba. Hakuna aliyeonyesha mshangao. Mzee alimwonyesha kiti chenye mgongo wa kuegemea, naye akakalia kiti hicho kama mtu anayejua kiti chake. Wakaanza kuulizana habari za miili. Baridi ya asubuhi imekushika wapi? Hapa, inashuka mpaka huku. Mimi hapa, inapanda. Unalalia upande gani? Mzee alimfundisha namna ya kuinuka kitandani kwa kutangulia kugeukia ubavu, na yeye akamfundisha mzee mazoezi ya kulegeza mabega ambayo walimpa Uingereza, na wale wanaume wawili wakazungusha mabega yao polepole wakitazama miwa, wakiguna kwa pamoja. Sikuwahi kuona wakwe walioelewana namna hiyo, na hawakuwa wakwe.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Katikati ya habari za mbolea na mgongo, mzee alikuwa akimtaja binti yake. Anamtaja ovyo, bila kuulizwa: kwamba siku hizi anafundisha chekechea, kwamba alipita na mtoto, kwamba mtoto ana hasira kama bibi yake. Rafiki yangu hakuitikia lolote. Aliinamisha macho na kuchora ardhini kwa kidole cha mguu mpaka mazungumzo yarudi kwenye mbolea. Nilimwona mzee hana haya, anatonesha kidonda cha mtu nyumbani kwake mwenyewe, na njiani nilimwambia rafiki yangu hivyo. "Huyo mzee ndiye pekee anajua nilikuwa nafanya nini huko," alisema. "Wewe mwenyewe, na usomi wako, unasema nilikuwa nacheza." Wiki iliyofuata akaenda tena.

Tulimzika Jumamosi, kando ya nyumba ya mama yake. Wacheza raga walikuja na jezi zao, wakasimama mstari, na wasemaji wakasema yale niliyokwisha kuwaambia ninyi wasomaji, mpaka mtu angedhani tunamzika bingwa wa dunia. Binti wa Ekero alikuja na mumewe. Alikaa na wanawake wengine, akaimba zilipoimbwa nyimbo, akaondoka mapema kwa sababu ya mtoto. Mzee alibaki. Watu walipopungua nilimkuta amekaa peke yake kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, nami nikamuuliza kile kilichokuwa bado kinanikera, kwamba ilikuwaje akawa anamtaja yule binti mbele ya mtu aliyemnyima.

Mzee alinitazama kama anayenihurumia.

"Mwandishi, huyu kijana alikuwa anakuja kwangu, tunakaa, tunaongea miwa, tunaongea mgongo. Habari ya msichana hakuniuliza hata siku moja. Heshima ilimzuia, sasa ni bibi ya mtu. Lakini mimi ni mzee, najua mgeni amekuja kwangu kutafuta nini. Kwa hivyo nilikuwa naangusha kidogo. Nasema mtoto ameota meno. Nasema juzi alipita hapa, alikuwa amenona. Kama mtu anaongea tu na yeye mwenyewe. Yeye anaangalia chini, anasikia, halafu anaenda nyumbani." Akatafuta pumzi. "Msichana nilimnyima. Kumnyima habari zake, hiyo singeweza."

Nilimsaidia kuinuka. Tangu hapo nimekuwa nikiwahesabu wageni wangu moyoni, wale wanaokuja, wakanywa chai, wakazungumza bei ya mbolea na kuaga bila kugusa lile walilolijia, kwa sababu ya haya, au kwa sababu hawana tena haki ya kuuliza. Nadhani kila nyumba inaye mmoja. Kuna kitu tulichomnyima, pengine kwa haki kabisa, na hakirudi. Lakini akija tena, msimngoje aulize. Semeni tu, kama mnajisemea wenyewe.